Siku Mama Wakuru Alipotolewa kwenye Kaya ya Mwanawe

Keki mliyonipa siku ya kuniaga ilikuwa na umbo la dishi. Ilikuwa tamu na nawashukuru. Lakini kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, kwa hiyo siwezi kunyamaza: dishi lile mlilitazamisha upande ambao hakuna satelaiti yoyote, labda ya samaki. Nilianza kulila hapo hapo ili nisiendelee kuliona.

Mmeniomba niandike machache ya kuwafaa ninyi mnaobaki. Kuhusu vyeo sina la kusema, na kuhusu mshahara ndiyo sina kabisa. Nitaandika niliyoyaona juu ya mapaa na sebuleni kwa watu, kisha nitaandika jambo moja lililofanya nistaafu nikiwa na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Anayetaka maneno laini ya mstaafu akamwombe yule wa uhasibu, atastaafu mwakani.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa kijiji cha Nyegina na Fundi Manyama, Mungu amlaze pema. Alikuwa fundi redio wa siku nyingi pale Musoma mjini kabla kampuni yetu ya televisheni haijaja ikamvisha fulana. Alinipa dira, spana na kile kifaa kidogo cha kupimia mawimbi kinacholia kikipata, akanionyesha paa la nyumba ya mwalimu, naye akaketi kunywa chai. Nilifunga dishi, nikaligeuza, nikaliinua, nikalishusha. Kifaa kimya. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Mwishowe mke wa mwalimu akauliza kwa upole kama ni lazima dishi liangalie lile jabali. Wenye kuijua Nyegina wanayajua mawe yetu. Nilikuwa nimelielekeza dishi kwenye jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe.

Fundi Manyama alimaliza chai yake kwanza. "Binti," akasema, "satelaiti iko mbali, hiyo usiiwaze. Jiwe liko hapa. Anza na ya hapa."

Jambo la pili alilonifundisha halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo, na sitaki mlisahau. Kabla hajafungua mfuko wa vifaa, alikuwa anauliza: nani analala nyumba ipi, nani ataangalia, na nani analipa. Mwanzoni niliona ni umbea wa kizee. Baadaye nikaelewa kwamba bila majibu hayo unaweza ukafunga dishi zuri kabisa mahali ambapo hakuna mtu atakayeliangalia.

Bugwema nilikutana na mzee aliyekataa katakata mwanamke apande juu ya paa lake yeye akiwa hai. Sikubishana naye. Nilichimba shimo uani, nikasimamisha bomba la chuma, nikafunga dishi huko. Ikawa heri, maana dishi la kwenye bomba unalirekebisha ukiwa umesimama chini na kikombe mkononi. Tangu siku hiyo karibu madishi yangu yote yakawa ya kwenye bomba, na wale mafundi wa kiume walioendelea kuparamia mabati wakawa wananicheka mpaka walipoanza kulalamika magoti. Yule mzee alinifanyia hisani kubwa, ingawa hakuwa na nia hiyo.

Sasa nije kwenye namba za wateja, ambazo ndizo mnazoangalia kila asubuhi kabla hata ya kusalimiana.

Zamani tulikuwa na kifurushi cha wiki. Kule pwani ya ziwa, kuanzia Suguti kwenda mbele, wateja walikuwa wanalipia wiki moja, wanakaa kimya, kisha wanalipia tena. Makao makuu wakawa wanatuuliza kwa ukali kwa nini wateja wetu ni vigeugeu. Vigeugeu! Wale ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa ufukweni, na wanaume wanakaa nyumbani wakiwa hawana la kufanya ila kuangalia mpira na kuwakera wake zao. Kwa hiyo wanalipia wiki ya mbalamwezi. Huwezi kupata mteja mwaminifu kuliko huyo, anakuja na mwezi mpevu na anaondoka nao.

Nilieleza hayo kwenye kikao, na kila mtu aliitikia kwa kichwa. Mwezi mmoja baadaye kifurushi cha wiki kikafutwa ili, walisema, wateja wajenge mazoea. Wavuvi hawakujenga mazoea yoyote. Walirudi kwenye banda la video. Vile viboksi vyetu, yaani ving'amuzi, vikabaki kwenye kabati pamoja na vikombe vya wageni. Makao makuu wakatutumia mabango ya kubandika, yenye picha ya familia inayocheka kwenye kochi jeupe. Nilibandika, kwani ndiyo kazi.

Hapo sikukasirika sana. Niliona ni ujinga tu, na ujinga umo kila ofisi.

Kisha ikaja huduma ya kuangalia kwa mtandao. Dishi likawa jambo la wazee. Unachomeka kiboksi kwenye televisheni, unaweka ruta yenye laini ya simu, unaingia kwa neno la siri, umemaliza. Nilidhani vijijini hawataipokea, lakini waliipokea, tena kwa sababu ile ile aliyokuwa akiiuliza Fundi Manyama. Huku kwetu anayelipa na anayeangalia hawakai pamoja. Kijana anafanya kazi Musoma au Bunda. Televisheni anamnunulia mama yake, inakaa kwenye nyumba ya mama, kwa sababu kwetu mji ni boma la familia nzima, ni mmoja hata ukiwa na nyumba sita, na nyumba ya mama ndiyo watu wanakokutana. Yeye mjini anaangalia kwenye simu yake, mama anaangalia kijijini, neno la siri ni hilo hilo. Hakuna aliyeona anaiba kitu. Alikuwa anaangalia na mama yake.

Kampuni ililijua hilo vizuri. Si kwamba haikujua. Ilitunga kampeni nzima, ikaiita Mlipie Mama, ikatupa gari lenye spika na wimbo. Mimi ndiye niliyepita na gari lile Bunda sokoni, Butiama, Bugwema, kote, natangaza: "Uko mjini? Mlipie mama kijijini! Akaunti moja, familia nzima!" Namba zikapanda mpaka wakubwa wakaja kupiga picha na sisi. Nilikuwa naamini kila neno nililotangaza, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Butiama ndiko nilikomsajili Mama Wakuru. Ni katekista mstaafu, mama mnyoofu wa mgongo na wa maneno, ambaye nyonga ilikuwa imemshinda, kanisani hafiki tena. Mwanawe Magesa ni mwalimu wa sekondari Bunda, anaishi huko na mkewe Joyce na watoto. Akamnunulia mama kiboksi na ruta ili aone misa ya Jumapili. Niliwafungia mimi mwenyewe. Jumapili hizo majirani walikuwa wanajaa kwa Mama Wakuru na viti vyao, na yeye anawakemea wanaoongea wakati wa mahubiri kana kwamba padri anawasikia.

Ndipo kampuni ikabadilisha sera. Akaunti moja, kaya moja. Kaya, kwa maana yao, ni mtandao mmoja: kiboksi kikiwa kwenye ruta iliyo mbali na nyumba anakolala mwenye akaunti, kinafungwa. Ukitaka kuendelea, nunua akaunti yako. Hawakututuma na gari wala spika. Walibonyeza tu huko waliko.

Mwezi wa kwanza namba zilipanda, maana walikuwepo waliolipa mara mbili kwa mshtuko. Ofisini tukanunuliwa soda. Edwin, msimamizi wetu wa kanda, kijana mzuri ambaye angeweza kuwa mtoto wangu, alisoma pongezi kutoka juu. Nilimuuliza akaunti za sisi wafanyakazi zitakuwaje. Akasema hizo haziguswi, tunaweza kuzitumia katika kaya zozote tunazotaka.

"Kwa hiyo mama yako anaangalia?" nikamuuliza.

"Anaangalia," akasema, akatazama soda yake.

Alijua. Wote walijua. Mtu asiyejua nitamsamehe, lakini aliyemkinga mama yake kwanza kisha akawafungia mama za wenzake, huyo sina msamaha naye. Simsemi Edwin, yeye aliyakuta yameshaamuliwa. Nawasema waliokaa wakaliandika lile.

Mwezi wa pili namba zikaanza kuporomoka, na hazikuporomoka moja moja. Andikeni hili mahali: huku kwetu wateja hawaondoki kama watu, wanaondoka kama miji. Kijana wa Bunda akifunga akaunti, binamu zake wa Musoma wanafunga wiki hiyo hiyo, kwa sababu habari imejadiliwa kwenye nyumba ya mama. Ndipo makao makuu wakatuagiza twende kuwarudisha walioondoka, nyumba kwa nyumba, na ofa mpya mkononi. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache za kazi. Nilisema nianze na Magesa, ambaye bado alikuwa analipa, asije naye akaondoka, na nilimwona kama mtu wangu.

Nilimkuta Bunda amekonda. Hakutaka hata kusikia habari ya ofa.

"Mama hataki kuongea na mimi," akaniambia. "Kiboksi kilijifunga siku ya Jumapili, watu wamejaa. Kikaandika kwenye kioo. Mama alisoma mwenyewe, na miwani yake. Amesema Joyce amemtoa kwenye nyumba yangu na mimi nimekubali. Ruta amenirudishia kwa mtu wa bodaboda. Mtoto anapata komunyo ya kwanza Jumamosi ya wiki ijayo, bibi yake amesema hakanyagi kwangu."

"Hukumweleza?"

"Nitamweleza nini? Simu hapokei. Joyce alienda, alikaa uani kama mtu wa kuja kudai. Hakukaribishwa ndani."

Kwa ambaye si wa huku, hilo laweza kuonekana dogo. Si dogo. Mama kusema hana nafasi kwenye nyumba ya mwanawe ni neno ambalo watu wanalibeba miaka, na mtoto anaweza kukua bila kumjua bibi yake kwa neno kama hilo. Na lilikuwa limeandikwa na kampuni yangu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Kesho yake tukaenda naye Butiama. Mama Wakuru alinikaribisha mimi. Magesa aliingia nyuma yangu kama kivuli.

"Mwambie akae," Mama akaniambia, bila kumtazama.

Nikamwambia Magesa akae, akakaa. Nikaanza kueleza kwamba ni kampuni iliyobadilisha utaratibu, Magesa hakuhusika, Joyce hakuhusika.

"Mimi ninajua kusoma," Mama akanikatiza. "Iliandika: kifaa hiki hakimo katika kaya ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni nani?"

"Ni Magesa, mama."

"Basi."

"Lakini si yeye aliyeandika."

"Si wewe ulikujaga hapa na ile gari ya spika? Ulisimama hapo barabarani, unasema mlipie mama, mlipie mama. Nikakuamini. Leo unasema ni mashine. Hiyo mashine imejuaje watu wa nyumba yangu kama hakuna mtu ameiambia?"

Nilitoa simu, nikapiga huduma kwa wateja, nikaweka sauti kubwa. Akapokea binti anayeitwa Lilian. Mama Wakuru akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mimi naitwa Wakuru. Nimetolewa kwenye nyumba ya mtoto wangu. Nataka kujua nani alileta hayo maneno."

"Pole sana, mama. Naomba namba ya akaunti."

Magesa akaitaja kutoka kwenye kiti chake.

"Asante. Mama, mfumo unaonyesha kaya iko Bunda. Wewe uko Bunda?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani ni Bunda, mama?"

"Nyumbani ni hapa. Hata yeye nyumbani kwake ni hapa. Bunda anafanyaga kazi tu."

"Nimekuelewa, mama. Ila analala wapi siku nyingi?"

"Analala popote. Kitovu chake nilikizika mimi hapa nyuma ya nyumba."

Lilian alibonyeza vitufe vyake. Nilimhurumia, maskini, ana karatasi yake ya kusoma mbele na msimamizi nyuma. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya adabu, "Mama, mfumo hauna sehemu hiyo. Ila kuna ofa ya mwezi huu. Naweza kukuongeza kama Mgeni wa Kaya."

Hiyo ndiyo ofa niliyokuwa nayo mimi kwenye mkoba. Nilikuwa nimeibeba kutoka Musoma na sikuwa nimepata ujasiri wa kumtajia Mama.

"Mgeni wa nani?" Mama akauliza.

"Wa mwenye akaunti, mama. Akilipia kidogo zaidi."

"Mimi niwe mgeni wa Magesa."

"Kwenye mfumo tu, mama."

"Na hii sheria, aliweka yeye?"

"Hapana, mama, ni kampuni. Yeye hawezi kuibadilisha."

"Hata akitaka?"

"Hata akitaka, mama."

Mama Wakuru aliiweka simu juu ya stuli taratibu, Lilian akiwa bado anauliza kama kuna jambo lingine la kumsaidia. Ndipo akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Umekula?" akamuuliza.

Magesa, mwalimu mzima mwenye mvi za pembeni, akatikisa kichwa. Mama akaita mjukuu aliyekuwa jikoni akaagiza ugali na sato, na kwamba utengwe wa watu wote. Magesa akainuka, akachomoa kiboksi nyuma ya televisheni, akanikabidhi na waya wake ukiwa umekunjwa vizuri. Akaifunga akaunti kwenye simu yake palepale mbele yangu. Sikumzuia. Ningemzuia kwa uso gani?

Wakati naaga Mama alinishika mkono. "Bado unawafanyia kazi hawa watu?"

"Mpaka mwisho wa mwezi, mama."

"Basi waambie. Huyo mwenye akaunti, nilimzaa mimi."

Nilirudi Musoma. Mnajua ile ripoti ya mteja aliyekataa kurudi: inakutaka uchague sababu, na sababu ni tatu, bei, mtandao au vipindi. Kuna nafasi ndogo chini ya kuandika mengineyo. Niliandika maneno ya Mama Wakuru kama alivyoyasema, nikatuma. Wiki ile nilitembelea miji mingine saba au nane ya Butiama na Bunda, na kote nilikuta tatizo ni hilo hilo, hata kama mwenye mji alilisema kwa matusi. Nikaandika vilevile.

Edwin alinipigia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Simu ilinikuta Bunda kwa Magesa, kwenye sherehe ya komunyo. Mama Wakuru aliletwa kwa gari la kukodi, akakalishwa mbele, mjukuu mwenye nguo nyeupe pembeni yake, na Joyce ndiye aliyekuwa anamkatia nyama kwa sababu meno nayo yameanza kumchosha. Nilitoka nje ili nisikie.

"Mama, hizi sababu zako haziingii," Edwin akasema. "Makao makuu wanarudisha ripoti yote. Wanataka mojawapo ya zile tatu."

"Hakuna hata moja kati ya hizo tatu, mwanangu. Hawa watu walikuwa wanalipa."

"Najua."

"Basi waandikie unachokijua."

Kule ndani walikuwa wanapiga vigelegele. "Mama, nina watoto wanaosoma," akasema mwishowe. "Naomba nichague bei."

Nilimwambia achague yeye, kidole changu hakitabonyeza. Akachagua bei, kwa miji yote ile.

Wiki chache baadaye, nikiwa nimeshakabidhi spana na fulana, redio ikatangaza kwamba kampuni imewasikia wateja wake wapendwa wa Kanda ya Ziwa na imeshusha bei. Nilipandwa na hasira mpaka nikaizima redio isiyo yangu, kwani nilikuwa dukani kwa jirani. Kisha nikampigia Mama Wakuru, nikidhani ni vizuri apate habari kwangu kuliko kwenye gari la spika.

"Bei nimesikia," akasema. "Sasa mimi nimo au simo?"

"Bado humo, mama."

"Basi na wao hapa hawamo," akasema, akakata simu.